Disk shingoni haifundishi Kiingereza

Bweni la sekondari ya kitaifa nchini Kenya huwa na lugha tano, sita au zaidi. Darasani hubaki mbili, Kiingereza na Kiswahili. Hizo nyingine zote huitwa "kilugha", na hutajwa zaidi siku ya adhabu. Mengi yanayosemwa juu yake hayana msingi.

"Ukiwakataza kilugha, Kiingereza kitakuja haraka."

Imani hiyo ndiyo iliyozaa disk, kile kibao anachovishwa aliyeponyokwa na neno la kwao, akae nacho mpaka amnase mwenzake. Jioni wote waliokipitisha wanaadhibiwa. Anachofuzu mwanafunzi hapo ni kunyamaza na kuchongea. Kule Ife, Nigeria, mradi ulioanza mwaka 1970 chini ya Profesa Babs Fafunwa uliwafundisha watoto wa msingi kwa Kiyoruba miaka yote sita, Kiingereza kikiwa somo. Hawakuachwa nyuma na wenzao waliohamishiwa Kiingereza baada ya miaka mitatu, hata katika Kiingereza chenyewe.

"Hayo ni ya watoto wadogo. Wanaoingia sekondari wameshakijua Kiingereza."

Wanajua cha kuombea ruhusa ya kutoka nje. Jim Cummins, aliyechunguza watoto wahamiaji nchini Kanada, alionyesha kuwa Kiingereza cha mazungumzo huchukua kama miaka miwili, na cha vitabuni mitano hadi saba. Na hao walizungukwa na Kiingereza hadi dukani.

"Mwalimu asiyejua Kikamba hawezi kuruhusu Kikamba."

Anaweza, na wala haimgharimu kitu. Chukua somo la fizikia: kwa nini mpini wa chuma unahisi baridi kuliko wa mbao, ilhali vyote vimelala chumba kimoja? Wape dakika tano wabishane kwa lugha yoyote. Mmoja atamkatiza mwenzake: chuma hakina baridi yake, kinanyonya tu joto la mkono wako upesi. Kisha kila kikundi kiandike jibu kwa Kiingereza, na mwalimu asahihishe hayo maandishi. Hoja imeshaeleweka, kilichobaki ni kuitafutia maneno ya mtihani, na hiyo ni kazi nyepesi zaidi.

"Kilugha kinaharibu Kiswahili."

Mkikuyu anayesema mũtĩ na mĩtĩ, mũndũ na andũ, ameingia darasani na ngeli kichwani. Mwalimu akimwekea mti na miti kando yake, nusu ya somo imekwisha. Mjaluo hana mfumo huo kwao, kwa hiyo anahitaji mazoezi zaidi ya upatanisho wa kisarufi. Si kwamba ni mzito. Akisema "samba" badala ya "shamba", ni kwa sababu Kijaluo hakina sauti hiyo. Kumcheka kwamba anashrabu, yaani anatamka kwa lafudhi ya kwao, kunamfanya asinyooshe mkono tena, basi.

"Kilugha ni ukabila."

Hofu hii ina chembe ya ukweli: kumsengenya mwenzako mbele yake kwa lugha asiyoielewa kunaumiza. Basi kanuni ya shule iseme hivyo hivyo, kwamba akiwepo asiyeelewa mgeukie lugha ya wote. Katiba ya 2010 haioni ugomvi hapo. Ibara ya 7 inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa, na papo hapo inaitaka serikali ikuze na kulinda lugha za Wakenya.