Insulini: asidi amino 110 huingia, 51 hutoka

Kosa ninalolikuta mara nyingi ni kudhani kwamba Golgi au retikulamu ya endoplazimu, sehemu mbili za utando ndani ya seli, ndiyo "inayotengeneza" protini. Kuunga asidi amino, vipande vinavyojenga protini, ni kazi ya ribosomu, mashine ndogo sana ya seli. Oganeli nyingine, yaani viungo vidogo vya seli, hupokea uzi ulioungwa, hukunja, hukata na kufungasha. Ili kuliona hilo vizuri, tuangalie insulini, homoni inayoshusha sukari ya damu, ndani ya seli beta za kongosho, zinazoitengeneza.

RNA mjumbe, nakala ya maagizo ya jeni, ikitoka kwenye kiini, ribosomu huisoma herufi tatu tatu, kila tatu asidi amino moja, mpaka zitimie 110. Zile 24 za mwanzo si insulini, ni anwani ya kuonyesha uzi uende wapi. 8 kati yake ni leusini, asidi amino inayokimbia maji. Kipande hicho kikichomoza tu, chembe maalumu hukidaka na kuipeleka ribosomu nzima kwenye utando wa retikulamu. Uzi huingia ndani huku ukiendelea kuungwa, anwani inakatwa, zinabaki 86.

Humo ndani ndimo mambo huharibikia. Sisteini 6, asidi amino zenye salfa, lazima zishikane kwa salfa hiyo, jozi 3, kila moja na mwenzake halisi. Ile ya nafasi ya 96 ikibadilika kuwa tirosini, asidi amino isiyo na salfa, mwenzake hukosa wa kushikana naye. Uzi hujikunja vibaya, retikulamu hauachilii, mzigo hurundikana hadi seli beta zinakufa. Mtoto aliyezaliwa na badiliko hilo hupata kisukari angali mchanga. Asidi amino moja tu!

Uzi uliokunjwa sawasawa hupitia Golgi na kutiwa kwenye vifuko. Humo vimeng'enya hukata kipande cha kati: 31 hutoka kama peptidi C, 4 za kwenye maungio huondolewa, na hubaki minyororo miwili, wa 21 na wa 30. Molekuli sita sita hujikusanya kwa zinki zikingoja sukari ipande kwenye damu.

Peptidi C haibaki nyuma. Humwagwa pamoja na insulini kwa idadi sawa. Ndiyo maana daktari huipima kwa mgonjwa anayejidunga: insulini ya sindano haina peptidi C, kwa hiyo yoyote itakayoonekana kwenye damu imetoka kwenye kongosho lake mwenyewe.