Taa Inawaka, Intaneti Haipo: Dhana Potofu Kuhusu Waya wa Mtandao Nyumbani

Dodoma ya sasa si ajabu kukuta nyumba mpya ya Ilazo, Kisasa au Iyumbu imepitishwa kebo za mtandao ukutani kabla hata ya plasta. Jambo zuri. Shida huanza pale kebo moja inapogoma, maana kila mtu ana maelezo yake: jirani anasema ni kampuni, shemeji anasema ruta imechoka, fundi umeme anasema yeye aliacha kila kitu kikifanya kazi. Mengi ya maelezo hayo nimeyasikia hadi nayajua kabla mtu hajamaliza sentensi.

"Taa si inawaka? Basi waya ni mzima"

Hii ndiyo inayoongoza. Unafika kwa mzee wa watu, ameshika kiuno mbele ya runinga: "Kijana wangu, waya hauna tatizo, taa si unaiona?" Naiona, mzee. Ila taa ile ya pembeni mwa tundu inasema jambo moja tu, kwamba vifaa vya pande mbili vimesikiana. Haisemi kwa kasi gani, haisemi kama data inapotea njiani, na haijui lolote kuhusu intaneti.

Ndani ya kebo kuna nyuzi nane zilizosokotwa mbilimbili, yaani jozi nne. Mtandao wa megabiti 100 kwa sekunde hutumia jozi mbili tu, zinazokaa kwenye pini ya 1, 2, 3 na 6. Mtandao wa megabiti 1000 unazitaka jozi zote nne. Uzi mmoja wa bluu au wa kahawia ukikatika, vifaa vingi hushuka kimyakimya hadi 100, taa inaendelea kuwaka, na aliyelipia kifurushi cha megabiti 200 anapata 94 kila anapopima. Namba hiyo ikijirudia asubuhi, jioni na usiku wa manane, usihangaike kuipigia simu kampuni. Mtandao wa nje ukizidiwa hupanda na kushuka. Ukigota palepale kwenye 94 au 95, kuna kitu chako kimebanwa kwenye 100: kebo, kichwa chake, au swichi ya mtandao (kile kiboksi cha kugawia kebo) ya bei rahisi ambayo haina uwezo zaidi ya hapo. Kwenye kompyuta ya Windows fungua mipangilio ya mtandao, usome kasi ya kiungo (Link speed), yaani kasi waliyokubaliana kompyuta na ruta. Ikisema 100/100 wakati ruta na kompyuta zote zinaweza 1000, anza na kebo.

"Kipimia kimewasha taa zote nane"

Fundi akishachomeka kile kipimia chake chenye taa za 1 hadi 8, zikapita zote kwa mpangilio, anafunga begi. Mimi hapo ndipo naomba nikione kichwa cha kebo kwa macho.

Kipimia kile kinajua tu kama uzi umeunganika mwanzo hadi mwisho. Hakijui ni uzi upi umesokotwa na upi, na kusokotwa huko ndiko kazi yote iliko. Nyuzi mbili za jozi hubeba ishara moja kwa kupingana. Kelele za umeme kutoka nje zikiingia, huingia sawasawa kwenye nyuzi zote mbili, na kifaa kinachopokea huzifuta kwa kutazama tofauti baina yake. Sasa fundi asiyejua mpangilio huzipanga rangi kama zinavyopendeza: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, kijani, nyeupe-bluu, bluu, nyeupe-kahawia, kahawia. Pande zote mbili amezipanga vilevile, kwa hiyo kipimia kinafurahi. Lakini pini ya 3 na ya 6 zinatakiwa kuwa jozi moja, na hapo ya 3 ni nyeupe-kijani wakati ya 6 ni bluu. Nyuzi mbili za jozi tofauti zimelazimishwa kufanya kazi pamoja. Kebo ya mita mbili itavumilia. Kebo ya kutoka sebuleni hadi chumba cha mwisho itapoteza pakiti, yaani vifurushi vidogo vya data, simu ya video itakuwa ya vipande, na mtu atauziwa ruta mpya.

Mpangilio unaotumika sana, T568B, ni huu: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, bluu, nyeupe-bluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Ukikuta T568A, ndugu yake ambamo jozi ya chungwa na ya kijani zimebadilishana nafasi, pande zote mbili, nayo ni sawa, usibomoe kitu.

Kichwa chenyewe kigeuze uelekeze mwanga wa simu. Ncha za nyuzi ziwe zimefika kabisa mwisho wa plastiki, zote nane, unaziona kama nukta za shaba. Ganda la nje la kebo liwe limeingia ndani na kubanwa. Ukiona nyuzi za rangi zimetokeza nje ya kichwa kama mizizi, huyo aliyebana hakumaliza kazi, na siku mtoto akivuta kebo ndipo utajua. Msokoto usifunguliwe zaidi ya milimita 13 hivi. Kile kilimi cha plastiki kikivunjika, kichwa hucheza ndani ya tundu na mtandao unakuja na kuondoka kila mtu anapopita karibu na meza. Hakuna dawa ya gundi hapo. Kata, bana kipya.

"Kebo zote ni sawa, tofauti ni bei"

Kwangua uzi mmoja kwa wembe. Ukibaki na rangi ya shaba hadi ndani, ni shaba. Ukitokea weupe chini ya wekundu, ni alumini iliyopakwa shaba, na haikidhi viwango vya kebo za mtandao hata kama ganda limeandikwa Cat6, jina la daraja la kebo, kwa herufi kubwa. Alumini ina ukinzani wa umeme zaidi ya mara moja na nusu ya shaba, na hukatika haraka ikikunjwa mara mbili tatu. Kwa waya mfupi wa mezani inaweza kukupita salama. Kwa kebo inayopeleka pia umeme kwenye antena ya intaneti ya juu ya paa, hiyo ni kujitafutia taabu: antena inapata umeme pungufu, inazima na kuwaka, na lawama zinaenda hewani.

Boksi zima la kebo huwa na mita 305. Linyanyue kabla hujalipa. La shaba ni zito kweli, na muuzaji anayekuambia "hii ni nyepesi kwa sababu ni teknolojia mpya" mwachie teknolojia yake.

Upande wa pili wa dhana hii ni wale wanaoamini lazima wanunue daraja la juu kuliko yote. Cat5e, daraja la chini ya Cat6, ikiwa ya shaba halisi inabeba megabiti 1000 hadi mita 100. Kwa nyumba ya kawaida inatosha.

"Kebo ndefu inapunguza kasi"

Ndani ya mita 100 haipunguzi. Nyumba ya uani ikiwa mita 40 kutoka kubwa, data inafika kwa kasi ileile. Ikisumbua, tafuta kichwa kibovu au mahali ilipokunjwa, si urefu. Na kama fundi aliipitisha ndani ya bomba moja na nyaya za umeme wa nyumba, itolewe humo. Kelele ni jambo dogo, hatari ya kupigwa na umeme ndiyo kubwa.

"Bonyeza kile kitufe cha sindano, itakaa sawa"

Kuzima na kuwasha ni jambo moja, kufuta ni jingine. Kitufe kilichojificha kwenye tundu dogo kinairudisha ruta ilivyotoka kiwandani, na kwa huduma nyingi hapo ndipo jina la mtumiaji na nenosiri la kampuni vinapopotea. Uliyekuwa na tatizo la kebo chumba kimoja, sasa nyumba nzima haina intaneti na fundi wa kampuni ana foleni hadi Jumatatu. Chomoa umeme, subiri nusu dakika, rudisha. Kitufe cha sindano kiache.

"Intaneti haipo, ni hao hao wa kampuni"

Mara nyingine ni wao kweli. Kwa mwenye faiba, taa nyekundu iliyoandikwa LOS kwenye kile kiboksi inamaanisha mwanga haufiki, na hapo piga simu bila kujilaumu. Bila dalili hiyo, anza karibu uende mbali. Fungua dirisha la amri kwenye kompyuta, andika ipconfig. Anwani kwenye mstari wa IPv4 ikianza na 169.254, kompyuta imejipa yenyewe kwa sababu haikupewa na ruta: tazama kebo, tundu, au swichi iliyo katikati. Ukiwa na anwani ya kawaida, ping anwani ya ruta, yaani andika ping kisha anwani yake uone kama inajibu; mara nyingi ni 192.168.1.1 au 192.168.0.1. Ikijibu, ping 8.8.8.8, anwani ya Google huko nje kwenye intaneti. Hiyo nayo ikijibu lakini tovuti hazifunguki, waya wako hauna kosa. Linalokwama ni kutafsiri majina ya tovuti kuwa anwani. Badilisha kitu kimoja kwa wakati. Ukibadilisha kebo, tundu na ruta kwa pamoja ikapona, hujui ulichotibu, na kebo mbovu utairudisha kwenye droo ikusubiri.

Kuna tatizo moja la ndani linalowatia watu wazimu. Mtu anafagia, anakuta ncha ya kebo inaning'inia, anaichomeka kwenye tundu lililo wazi la swichi. Kumbe ncha ya pili nayo imo kwenye swichi ileile. Ujumbe unaanza kuzunguka bila kikomo, taa zote zinapepesa kwa pamoja kwa kasi moja, na nyumba nzima inakufa, waifai ikiwemo. Swichi ndogo za nyumbani nyingi hazina akili ya kulizuia hilo. Chomoa kebo mojamoja hadi taa zitulie.

Karibu na hilo ni ruta ya zamani iliyochomekwa "ili kuongeza waifai". Isipozimiwa kazi ya kugawa anwani, zinakuwa ruta mbili zinazogawa, na kila kifaa kinapata kutoka kwa iliyowahi. Leo runinga inafanya kazi, kesho haifanyi.

"Waya ni mambo ya kizamani"

Ethaneti ilibuniwa na Robert Metcalfe na wenzake huko Xerox PARC, California, mwaka 1973, mwaka uleule TANU iliamua makao makuu yahamie Dodoma. Vyote viwili viliitwa ndoto kwa muda. Waifai nayo ni nzuri, lakini kuta za matofali ya saruji haziionei huruma, hasa ile ya gigahezi 5. Runinga na kompyuta ya kazi zipe waya.

"Nimezima swichi ya ukutani, radi hainipati"

Mvua za Dodoma zimejikusanya kati ya Desemba na Aprili, na mara nyingi huja na radi. Kuzima swichi ya ukutani kunakata njia moja tu. Kebo inayoshuka kutoka kwenye antena ya paa bado imechomekwa, na radi ikipiga hata jirani tu, kebo ndefu huokota umeme wa kutosha kuunguza tundu. Kile kifaa cha kulinda friji hakijui lolote kuhusu kebo ya data. Wingu likijifunga, chomoa plagi na chomoa kebo, zote mbili. Kebo ya paani yenyewe iwe ya nje, ile yenye ganda jeusi linalohimili jua. Ya ndani ya kijivu hupasuka kwa jua letu, kisha maji hufuata uwazi huo hadi kwenye adapta inayoipa antena umeme. Ikifika ukutani iache ipinde kushuka chini kidogo kabla ya kuingia ndani, maji yadondokee nje.

Radi ikishapita na tundu moja likafa, usikimbilie kununua ruta. Mara nyingi mengine yamebaki mazima. Hamisha kebo kwenye tundu la pili, ping tena, na likikubali, lile bovu libandike utepe na uandike BOVU, maana lazima atatokea mgeni wa kulichomeka.