Themali ni nini? Hewa inayoibeba glaida

Watu wengi nikiwaambia glaida ni ndege isiyo na injini swali linakuwa lilelile, sasa si itaanguka? Haianguki jamani. Inashuka tu, muda wote inashuka, ila taratibu mno, yaani ile ya mafunzo ya viti viwili inaitwa ASK 21, klabu nyingi za Ujerumani wanayo, hewa ikiwa imetulia kila mita moja inayoshuka inakuwa imesogea mbele kama mita 34. Kwa hiyo ukitaka kukaa juu lazima upate hewa inayopanda haraka kuliko wewe unavyoshuka, na hewa hiyo ndo inaitwa themali.

Inatokea hivi. Jua halipashi ardhi sawasawa, shamba lililolimwa likakauka au mapaa na lami vinashika moto mapema, msitu na ziwa vinachelewa. Hewa iliyolala juu ya shamba inapata joto, inakuwa nyepesi, mwisho inabanduka na kupanda. Kama umewahi kukaa Dodoma kiangazi ukaona kisulisuli kinazoa vumbi na mifuko ya plastiki, hapo umeiona themali ikiwa bado chini, vumbi ndo limeichora. Juu zaidi ile hewa inapoa, unyevu wake unageuka wingu jeupe la mafungu kama pamba, ndo maana marubani wa glaida muda wote macho yako mawinguni. Na tumbusi wanaijua zamani sana, mwanzoni mwa miaka ya 1970 mtafiti Colin Pennycuick aliwafuata angani kule Serengeti na glaida yenye injini ndogo ili aone wanavyoitumia.

Mimi nimeielewa vizuri Jumamosi kwenye klabu ndogo huku Ujerumani, kiwanja chenyewe ni majani tu. Watu wanafika asubuhi, wanasukuma ndege kutoka banda, wanazikagua, halafu kila mtu ana kazi yake, huyu anaendesha winchi, yaani mashine inayovuta kebo ya kuirusha ndege, huyu anaandika saa za kuruka na kutua, huyu na gari kuukuu anarudisha kebo, hata walimu wanajitolea tu hawalipwi. Wapo watoto wa miaka 14 wanaoruka peke yao mwalimu akiwa chini anawaangalia. Hilo mimi nalipenda kuliko yote, maana huwezi kuja ukaruka ukaondoka, dakika zako za angani zinatokana na jasho la wenzako na wewe utawasukumia za kwao.

Winchi iko upande wa pili wa kiwanja, karibu kilomita nzima. Kijana anashika ncha ya bawa ndege isilalie upande, kebo inajivuta polepole mpaka inakaza, halafu ghafla unagandishwa kwenye kiti, pua inaangalia juu, haiishi hata dakika moja uko mita 400, kebo inaachia, tak! Baada ya hapo ni upepo tu unapita kwenye kioo, na kuna kipande cha uzi wa sufu kimegandishwa kwa nje kukuonyesha kama ndege inaenda kiubavu.

Hapo usipopata themali, dakika tano sita hivi ushatua. Sisi tukapita juu ya shamba la ngano lililovunwa, bawa la kulia likanyanyuka lenyewe, mkono wangu ukataka kuiachia ndege ikimbilie kushoto, mwalimu akasema hapana, kulia, huko huko linakonyanyuliwa! Tukageuka, tukailaza ndege, kile kifaa cha kupima kupanda na kushuka kikaanza kulia pii pii pii, mita mbili kwa sekunde kwenda juu, bila tone la mafuta. Chini yetu mwewe naye anazunguka upande uleule.

Inabidi uzunguke kwa kubana, ukitanua kidogo tu unatoka nje, na pembeni hewa inashuka, ikijaza nafasi ya iliyopanda, unapoteza ulichopata.

Kwenye saa kumi na moja jioni ardhi inaanza kupoa na themali zinafifia moja moja. Wa mwisho kuruka siku hiyo alikaa dakika nne, akatua, tukamfuata wote kuisukuma ndege mpaka bandani, tukazifuta wadudu kingo za mabawa kwa kitambaa chenye maji.