Hedi mpya ya 1KZ ikitoka kwenye boksi, usiifunge siku hiyohiyo

Wiki iliyopita nimeletewa hedi nyingine (kichwa cha injini, kinachokaa juu ya silinda) ya 1KZ, bado imo kwenye boksi lake, imeviringishwa nailoni na kupakwa mafuta mazito. Mwenye gari aliitua mezani barazani kwangu akauliza, "Fundi, kesho jioni nije kuchukua gari?" Nikamwambia hapana mzee wangu, nipe siku tatu. Naandika haya kueleza siku hizo zinakwenda wapi, kwa sababu swali hilo naulizwa kila mara, na kwa sababu inaniuma kuona hedi mpya inakufa kabla ya wakati kwa kukosa jioni mbili tu za kuangaliwa.

1KZ-TE ni dizeli ya Toyota ya silinda nne, cc 2982, tunayoikuta kwenye Prado, Hilux Surf na baadhi ya Hiace. Bloku yake, ule mwili wenye silinda, ni chuma cha kumimina, hedi ni aluminiamu, na aluminiamu ikipata moto hutanuka karibu mara mbili ya chuma. Hedi hii ina urefu wa kama nusu mita. Ikitoka kwenye baridi ya asubuhi ikapanda kwa nyuzi 80, inataka kurefuka karibu milimita 0.9, na bloku iliyo chini yake inarefuka kama nusu ya hapo. Anayebeba mvutano huo kila siku ni gasketi iliyo katikati yao. Sasa jaza Prado watu na mizigo, upandishe ule mlima wa Mto wa Mbu kwenda Karatu na rejeta iliyoziba nusu. Hedi inapasuka, mara nyingi kati ya siti za valvu (pete zinazokaliwa na valvu) au kando ya chemba ndogo ya mwako. Hapo ndipo mtu anapoingia kwenye hedi mpya za kampuni nyingine, maana ya Toyota bei yake kali, na ya mtumba huwezi kujua imechemka mara ngapi huko ilikotoka.

Hedi hizi sizikatai. Nimefunga nyingi na magari yanatembea. Ila kwangu hedi ya aina hii ikifika inakuwa kazi iliyofikia robo tatu. Robo iliyobaki ni ya fundi anayeifunga.

Nilijifunza kwa hasara. Miaka ya mwanzo nilitoa hedi kwenye boksi, nikaifuta kwa kitambaa, nikaifunga. Wiki ya tatu gari likarudi na mlio juu ya injini. Nilipofungua kava na kuinua kamshafti, ule mhimili unaofungua valvu, nilikuta mikwaruzo kwenye mabega yake kama mtu kachora kwa sindano, na ndani ya njia ya oili kulikuwa na vinyweleo vya aluminiamu, vilivyojikunja kama maranda ya fundi seremala. Vilibaki huko tangu kiwandani walipotoboa. Mwenye gari aliniuliza kwa upole, "Si ulisema ni mpya, fundi?" Ilikuwa mpya kweli. Nililipa mimi, na tangu siku hiyo naanza na kuosha.

Natoa kila kinachotoka: valvu, springi, sili, vikombe vya valvu, kamshafti. Kila kitu kinawekwa kwa namba yake kwenye trei ya mayai. Kofia za kamshafti hazibadilishani nafasi hata moja, kwa kuwa zimechongwa zikiwa zimefungwa pamoja na hedi yake. Ukichanganya, kamshafti itashika. Halafu maji ya moto, sabuni ya unga, na brashi nyembamba za kusafishia chupa za watoto, ninazosukuma kwenye kila tundu la oili na la maji hadi zitoke upande wa pili. Usitumie kostiki soda. Kwenye hedi ya chuma inafaa, kwenye aluminiamu inakula mwili wenyewe. Nikimaliza napuliza kwa kompresa juu ya kitambaa cheupe, na nachungulia kitambaa. Mchanga wa kiwandani ni punje ndogo nyeusi au kahawia. Nikiona hata tano, narudia kuosha.

Ikikauka naigeuza uso juu. Rula ya chuma iliyonyooka, tochi nyuma yake, na fila geji (jani jembamba la kupimia mwanya) ya milimita 0.05. Napima kwa urefu pande zote mbili, katikati, kwa upana, kisha kona kwa kona. Jani la 0.05 likipita chini ya rula mahali popote, hedi inarudi dukani. Najua wapo wanaoweka msasa juu ya kioo na kusugua hedi nyumbani. Kwa kipande cha nusu mita sikubaliani nao kabisa; mikono hukandamiza zaidi pembeni na unaishia na uso wenye mgongo. Na zile pedi za kusugulia zinazofungwa kwenye drili zisikaribie injini. Unga wake ni mgumu kuliko chuma cha beringi, na ukiingia kwenye oili unasaga kila unapopita.

Baada ya hapo naweka gasketi mpya juu ya hedi, naitazama tundu kwa tundu. Hatua hii ni rahisi na wengi wanairuka. Nimeshaona njia ya maji iliyozibwa nusu na ngozi ya aluminiamu iliyomiminwa, nyembamba kama ganda la yai. Ngozi hiyo unaiondoa kwa faili dogo la duara. Nikiwa na hedi ya zamani naziweka ubavu kwa ubavu na kulinganisha pia urefu wa vikombe vya chemba za mwako. Vyote vinne viwe sawa na uso, kidole kikipita kisikwame kwa kimoja na kuzama kwa kingine. Kikiwa kimechomoza kuliko vingine sikigusi. Hiyo ni kazi ya mashine.

Sasa valvu, na hapa ndipo jioni yangu ya pili inapokwisha. Siti za hedi hizi mara nyingi zimekatwa vizuri lakini hazijawahi kukutana sawasawa na valvu yake. Nachora mistari ya penseli kuzunguka uso wa valvu, kama kumi na miwili, naiweka kwenye siti, nazungusha robo mzunguko nikiikandamiza kwa kidole gumba, naitoa. Mistari yote ikikatika mahali pamoja, siti ni ya duara kamili. Ikikatika upande mmoja na kubaki upande mwingine, siti imekwenda upande au gaidi ya valvu (bomba linaloongoza shina lake) imepinda. Kasoro ndogo naiondoa kwa pasta laini ya kusagia valvu, tone dogo kama punje ya mchele, na kijiti chenye mpira wa kunyonya. Unazungusha kwenda na kurudi kati ya viganja, unainua, unahamisha robo, unaendelea. Mwanzoni unasikia mkwaruzo mkavu. Pasta ikishafanya kazi sauti inalainika na kuwa kama ya kitambaa. Hapo simama. Unachotafuta ni pete ya kijivu isiyong'aa, isiyokatika popote, yenye upana kati ya milimita 1 na 2. Ukiendelea kusaga kwa kufurahia unaizamisha valvu ndani ya hedi, na dizeli inayozamisha valvu inapoteza kompresheni, asubuhi ya baridi inagoma kuwaka. Ndiyo maana napima kina cha valvu zote nane kabla na baada.

Pasta ikishaoshwa yote, narudisha valvu na springi, nalaza hedi ubavu na kujaza mafuta ya taa kwenye milango ya hewa na ya moshi. Dakika kumi. Upande wa chemba ukibaki mkavu, nimeridhika.

Milango yenyewe naigusa kidogo sana, na hiyo ni kabla ya kurudisha valvu. Vijana wengi wanapenda kuipanua na kuing'arisha kama kijiko, wakidhani gari litapata nguvu. Kwa dizeli ya kubebea abiria hupati kitu, na ukuta wa aluminiamu ukitoboka hadi kwenye njia ya maji, hedi imekwisha. Ninachoondoa ni kingo zilizochomoza na ule ukingo mkali chini ya siti. Nachukua faili la nusu duara, na kabla ya kuanza nalipaka chaki ya ubaoni kwenye meno. Bila chaki, aluminiamu inajaa kwenye meno na faili linaanza kuchana badala ya kukata.

Nyuzi za bolti na za hita plagi (zinazopasha chemba moto wakati wa kuwasha) najaribu zote kwa vidole vitupu. Hita plagi iingie hadi mwisho bila spana. Ikikwama, napitisha tapu (chombo cha kukata nyuzi) ya saizi yake taratibu na oili kidogo, nageuza nusu mbele, robo nyuma. Hita plagi inayolazimishwa leo ndiyo itakayokatikia ndani mwaka kesho.

Kamshafti nayo, kabla ya kurudisha valvu, nailaza mahali pake, nafunga kofia zake kwa mpangilio, naizungusha kwa mkono. Inatakiwa izunguke kwa uzito uleule mzunguko mzima.

Kipimo kimoja sikifanyi nyumbani: cha presha. Hedi inafungwa bamba, inajazwa hewa na kuzamishwa kwenye maji ya moto ili vitundu vya kumimina vijionyeshe kwa mapovu. Napeleka kwenye warsha yenye kifaa, nalipia, na nasimama pale kuangalia.

Ikirudi, naipaka oili laini na kuifunga kwa shuka safi wakati napima pistoni zinavyochomoza juu ya bloku, maana gasketi za 1KZ zina unene tofauti na alama za mikato pembeni. Unene unachaguliwa kwa kipimo hicho, si kwa iliyopo dukani. Kisha nampigia mwenye gari simu. Simwambii kwamba gari liko tayari. Namwambia aje tuifungue rejeta, kwa sababu iliyoua hedi ya kwanza bado iko mbele ya injini.