Shoti ni ya waya, si ya mtu

"Kapigwa shoti kidogo tu, nimempaka mawese, keshapoa." Ndivyo shangazi mmoja wa mtaani kwetu Ujiji alivyoniambia mwezi uliopita kuhusu kijana wake. Hilo "shoti kidogo" nimelisikia mara nyingi mno hapa Kigoma, na mimi kazi yangu ni uuguzi, kwa hiyo leo nalisemea.

Maana yenyewe ni fupi. Jeraha la umeme ni madhara yanayopatikana mkondo wa umeme unapopita ndani ya mwili. Basi. Kinachotupoteza ni neno tunaloliweka mahali pake.

Shoti tumelitoa kwa Waingereza, kwenye neno lao la "fupi". Fundi umeme akisema "hapa kuna shoti", yuko sahihi: waya wa moto, unaoleta umeme, umegusana na wa nyutro, unaourudisha, mkondo umekatiza njia bila kupita kwenye taa au pasi ambako ungezuiwa, sasa unakwenda mwingi kupita kiasi, waya unachemka, fyuzi inakatika. Hiyo ni ajali ya waya. Aliyeshika waya uliochunika hakupata shoti, yeye mwenyewe amegeuzwa njia. Tukalichukua neno la fundi tukamvika mgonjwa, nalo likaja na picha yake: cheche, mlio, halafu kimya. Tena huo waya tunauita "wa moto", kwa hiyo mtu akisikia kuungua kwa umeme anatafuta malengelenge kama ya uji. (Nyumba ikiwaka kwa sababu ya shoti, aliyeungulia humo ana jeraha la moto, si la umeme. Hapo nako tunachanganya.)

Uji huunguza kutoka nje kwenda ndani. Umeme ngozi kavu huupinga, lakini ukishapenya hukuta misuli, neva na mishipa ya damu, vyote vina maji na chumvi, unapita bila shida. Mfupa nao hupinga, na kule kupinga huzaa joto. Ndiyo maana nyama iliyo jirani na mfupa inaweza kuungua ngozi ya juu ikiwa nzima. Kwa moto, daktari hukadiria dripu kwa kupima eneo la ngozi lililoungua. Kwa umeme kipimo hicho kinadanganya.

Kijana wa shangazi ni mchomeleaji wa mageti. Umeme wa kawaida, volti 230, ulimnasa, mkono ukang'ang'ania waya mpaka mwenzake alipozima swichi kubwa. Kiganjani alikuwa na doa la kijivu, kavu, limebonyea katikati, halizidi kifungo cha shati, wala halimuumi. Nikamwambia avue kandambili. Kisiginoni lilikuwapo la pili. Mkono chini ya kiwiko ulikuwa mgumu kama ubao, na nilipomnyoosha vidole alipiga kelele. Nikamuuliza mkojo ukoje.

"Kama chai ya rangi."

Rangi hiyo ni mayoglobini, inayomwagwa na misuli iliyokufa, na hiyo huziba figo. Tulimkimbiza hospitali ya mkoa usiku uleule. Kwanza moyo ulipimwa, kwa sababu umeme huvuruga mapigo. Kisha dripu kwa wingi, mkojo ukipimwa kila saa. Kwa mtu mzima mwenye mkojo wa rangi hiyo hutafutwa mililita 75 hadi 100 kwa saa mpaka ung'ae. Mkono wakaupasua kwa urefu ili misuli iliyovimba ipate nafasi. Ukichelewa hapo damu haifiki vidoleni, mkono unakatwa. Kwa wanaoguswa na nyaya za msongo mkubwa, volti 1,000 kwenda juu, kukatwa kiungo ni jambo la mara kwa mara.

Mkono wake upo. Vidole viwili vimekufa ganzi. Nimemwambia pia aende apimwe macho, maana mtoto wa jicho huweza kuja miezi au hata miaka baadaye, na asiogope kusema akianza kusahausahau.

Juzi shangazi kapita kunishukuru, akawa anawahadithia wenzake ile "shoti". Nikamshika mkono. Shangazi, sema umeme ulimpita, uliingilia kiganjani ukatokea kisiginoni. Ukimwambia hivyo yeyote anayempokea mgonjwa, ataanza na moyo na mkojo, kidonda atakiangalia baadaye.