Kabla hujauliza kuna samaki gani, uliza utaingiaje majini

Ujumbe wa aina moja hunifikia mara kwa mara. Mtu amejinyima miaka miwili, ameacha kazi au amepewa likizo ndefu, ana miezi mitatu au minne mkononi, na anataka kukaa mahali pa joto apige mbizi mpaka ngozi ya vidole ikunjamane. Swali lake ni lile lile: "Miamba mizuri kuliko yote iko wapi?" Mimi humrudishia swali langu, ambalo mara nyingi humkata stimu. Siku ambayo umeamka huna hamu, upepo unavuma kiasi na mfuko umepungua, utaingiaje majini?

Nimefundisha mbizi kwa miaka mingi, lakini jambo hili nililijua kwa kuumia. Safari yangu ya kwanza ndefu nilichagua kisiwa kwa sababu ya picha: kuta za matumbawe zinazoshuka hadi gizani, na samaki aina ya taa, wakubwa, wakielea juu ya kichwa cha mpiga picha. Nilifika na fedha za wiki kumi. Sikuwa nimeuliza jambo moja dogo, kwamba kila mbizi pale ni ya boti, na boti haing'oi nanga mpaka wapatikane wateja wanne. Msimu ulikuwa wa chini, wateja wanne hawakupatikana. Walipopatikana, upepo ukageuka. Katika siku 21 za mwanzo nilizama mara sita, na chumba nilikilipia siku zote 21.

Kwa hiyo siku hizi hesabu yangu haianzi na bei ya mbizi. Najumlisha kila kitu cha wiki nzima, yaani chumba, chakula, kodisho la vifaa, ada ya hifadhi ya bahari na usafiri wa kufika kituoni, kisha nagawa kwa idadi ya mbizi nitakazopata kweli, si zile ninazozitamani. Chumba cha bei ya kutupa mahali unapozama mara mbili kwa wiki ni ghali. Chumba cha bei ya juu kidogo kilicho hatua chache kutoka kwenye mwamba unaozamika kila siku ni rahisi mno. Watu wengi hufanya kinyume: wanapigania punguzo la chumba, halafu wanakaa barazani wakitazama mawimbi.

Ndiyo maana kwanza natafuta mahali pa kuingilia kwa miguu. Ukiwa na mwenzako wa mbizi, mnakodi mitungi tu, mnatembea, mnazama. Hakuna mafuta ya boti, hakuna nahodha wa kulipwa, hakuna kungoja wanne watimie. Moalboal, Ufilipino, ina mwamba unaoporomoka karibu na ufuo, na kundi kubwa la dagaa limejiwekea makao hapo hapo. Unalikuta bila kupanda chombo chochote. Tulamben, Bali, kuna mabaki ya meli ya mizigo ya Kimarekani, Liberty. Ilipigwa na nyambizi ya Kijapani Januari 1942, ikavutwa ikakwama ufuoni, ikakaa hapo hadi mlima Agung ulipolipuka mwaka 1963 na mitetemo ikaisukuma baharini. Leo sehemu zake za juu ziko mita chache tu chini ya maji na za chini zinakaribia mita 30, na unaifikia kwa kuogelea kutoka kwenye ufuo wa mawe. Mawe yenyewe ni ya mviringo na yanateleza; asubuhi utaona wanawake wapagazi wakipita na mitungi kichwani kana kwamba wanatembea sebuleni, huku mgeni mwenye vyeti vinne anaanguka kwa makalio.

Bonaire, kisiwa cha Karibi, ndiyo shule ya mbizi za ufuoni. Kando ya barabara kuna mawe ya rangi ya njano yaliyoandikwa jina la kila mahali pa kuzamia. Unapakia mitungi kwenye gari, unasimama pale unapopapenda. Tatizo ni kwamba maisha ya kisiwani ni ghali, kwa hiyo kwa mtu wa miezi minne hesabu huwa ngumu. Dahab, Misri, hutajwa sana na watu wa bajeti, na wana haki, ila kwa kusema kweli si tropiki. Maji ya Bahari ya Shamu hapo hushuka hadi nyuzi 21 au 22 wakati wa baridi, na nimeona watu waliokuja na fulana ya mpira nyembamba wakitetemeka meno kwa meno.

Boti si mbaya yenyewe. Koh Tao, Thailand, na Utila, Honduras, huendeshwa kwa boti, na bado zimekuwa makao ya wapiga mbizi wa mfuko mwembamba kwa miaka mingi. Siri yake ni wingi. Wanafunzi ni wengi kiasi kwamba boti huondoka kila siku, uwepo usiwepo. Gharama yake unailipa kwa namna nyingine: utazama ukiwa umezungukwa na watu wanaojifunza kuelea, na mchanga wanaoutimua.

Kuna hesabu nyingine ambayo sijaona watu wengi wakiifanya, nayo ni ya kina. Mtungi wa alumini uliozoeleka, ukijazwa sawasawa, hubeba takriban lita 2,200 za hewa. Acha robo iwe akiba, unabaki na kama 1,650. Mtu mtulivu hutumia karibu lita 20 kwa dakika akiwa juu ya maji. Lakini kila mita 10 unazoshuka huongeza mgandamizo sawa na ule wa hewa yote iliyo juu yetu, kwa hiyo kwenye mita 10 anatumia lita 40 kwa dakika, na kwenye mita 20 anatumia 60. Mtungi ule ule unampa dakika 41 kwenye mita 10, na dakika 27 tu kwenye mita 20. Bei ni moja. Tena kwenye maji ya juu naitrojeni, gesi ya hewani inayojilimbikiza mwilini ukiwa kilindini, huingia kidogo, hivyo unaweza kurudi majini mapema zaidi. Kwa anayekaa miezi, mwamba mzuri wa mita 8 hadi 12 una thamani kuliko ukuta maarufu unaoanza kupendeza kwenye 25. Wakikusifia mahali, uliza wanachokisifia kiko kina gani.

Sasa upepo. Hapa wasomaji wa Kiswahili tumebarikiwa, kwa sababu mambo ambayo wengine huyaeleza kwa aya nzima sisi tuna maneno yake: kusi, kaskazi, malelezi, bamvua, maji mafu. Tatizo ni kwamba tukisafiri tunayasahau. Thailand peke yake ina pwani mbili zenye tabia tofauti. Visiwa vya Similan, upande wa magharibi, hufungwa kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Oktoba, wakati Koh Tao, upande wa ghuba, huwa na hali nzuri miezi mingi ya kipindi hicho, kisha yenyewe huchafuka Novemba na Desemba. Perhentian, Malaysia, hulala kabisa mvua za mwisho wa mwaka zikiingia. Ukifika Desemba utakuta milango imefungwa. Karibi msimu rasmi wa vimbunga ni kuanzia 1 Juni hadi 30 Novemba, ingawa Bonaire iko kusini kiasi kwamba vingi huipita mbali. Ukitaka kukwepa vimbunga, sogelea ikweta. Vimbunga huhitaji msukumo unaotokana na mzunguko wa dunia ili vianze kujisokota, na karibu na ikweta msukumo huo ni dhaifu mno. Bunaken na Lembeh, kaskazini mwa Sulawesi, Indonesia, ziko takriban nyuzi moja na nusu tu kutoka ikweta. Mvua zipo, upepo upo, lakini kimbunga cha kung'oa mapaa si jambo la kawaida huko.

Na usisahau mwezi. Wakati wa bamvua, maji yanapojaa na kupwa kuliko kawaida, mikondo ni mikali, na maji yakipwa unaweza kulazimika kutembea juu ya mwamba mtupu na kilo zaidi ya kumi na tano mgongoni. Mahali pa kuzamia kutoka ufuoni lazima upaone maji yakiwa yamejaa na yakiwa yamekupwa kabla ya kulipa fedha ndefu. Nimepaona pazuri mno saa tatu asubuhi, na hapaingiliki saa tisa alasiri.

Hewa ndiyo ninayoikagua kwa ukali kuliko vyote, hata kuliko vifaa. Mtalii wa siku tatu atavuta mitungi sita, wewe utavuta 150. Omba uoneshwe kompresa, mashine inayojaza mitungi hewa. Kituo kinachojiheshimu hakikatai. Tazama bomba la kuvutia hewa linaanzia wapi. Likiwa karibu na ekzosi ya jenereta au mahali boti zinapopasha injini moto, ondoka. Kaboni monoksidi, gesi ya sumu ya moshi wa injini, haina harufu, na ukiwa kilindini mgandamizo huongeza makali yake. Fungua valvu taratibu juu ya kitambaa cheupe: doa la mafuta ni jibu tosha. Uliza pia chujio kilibadilishwa lini, na uangalie kwa tabasamu lisilo na haraka kama anayejibu anafungua daftari au anatazama dari. Shingoni mwa mtungi kuna tarehe zilizogongwa za upimaji. Zisome.

Kuhusu vifaa sina mengi. Nunua miwani inayokaa vizuri usoni mwako na kompyuta ya mbizi, maana hivyo havikodishwi bila majuto. Mapezi ukiweza. Reguleta, kile kifaa cha kuvutia hewa ya mtungi mdomoni, ukiwa na ya kwako ina maana tu kama kuna fundi wa chapa hiyo karibu na utakapokaa. Suti chukua nene kuliko unavyodhani. Maji huondoa joto mwilini mara 25 hivi kuliko hewa, na nyuzi 28 zinazopendeza mbizi ya kwanza huuma kwenye ya tatu, hasa ukiwa siku ya kumi mfululizo.

Mwili wenyewe huchoka. Kinachowatoa majini wakaaji wa muda mrefu si papa, ni masikio. Ukizama mara tatu kila siku, ngozi ya ndani ya sikio hulainika na uambukizo huingia. Wiki nzima imekwenda, na chumba unalipia. Suuza kwa maji matamu, kausha, usichokonoe. Jipe siku moja kavu kila wiki. Fahamu chemba ya mgandamizo, yaani chumba cha kumtibu mpiga mbizi aliyedhurika na naitrojeni, iliyo karibu iko wapi, na zaidi ya hapo, unafikaje usiku bahari ikiwa imechafuka. Kisiwa chenye chemba ng'ambo ya mlango wa bahari usiovukika usiku kwangu ni kisiwa kisicho na chemba. Oksijeni ya dharura iwepo kituoni na iwe imejaa. Usiridhike kuoneshwa sanduku. Kwenye bima, soma kina walichokiandika, kwa sababu nyingine huishia mita 18 au 30. Na tiketi ya kurudi iache nafasi: baada ya siku za mbizi mfululizo ushauri ni kungoja angalau saa 18 kabla ya kupanda ndege. Mimi hungoja siku nzima.

Mtu atauliza kuhusu mpango wa "fanya kazi nasi, tukufundishe uwe kiongozi wa mbizi bila malipo". Wapo wanaoufanya kwa uaminifu. Wapo pia wanaotafuta wabeba mitungi. Wapime kwa swali moja: katika wiki, ni saa ngapi mkufunzi atakaa nawe mkiwa wawili tu? Wakishindwa kutaja namba, umeshajibiwa. Tena katika nchi nyingi viza ya utalii hairuhusu kazi, hata isiyo na mshahara, na atakayefukuzwa ni wewe. Viza yenyewe, kwa njia, huamua mengi. Ufilipino huruhusu wageni wa nchi nyingi kuongeza muda mara kwa mara wakiwa humo humo nchini, na mtu wa bajeti anaokoa safari za kutoka na kuingia.

Uchovu wa macho pia upo. Mbizi ya sitini kwenye mwamba ule ule si kama ya pili. Natafuta mahali penye sura zaidi ya moja: nyasi za bahari, mchanga, meli iliyozama, ukuta. Lembeh haina miamba ya kupamba kalenda, ni mchanga mweusi, lakini ukijifunza kutulia utamwona farasi wa bahari mdogo kuliko ukucha na pweza wanaoiga viumbe wengine. Picha za matumbawe usiziamini mpaka ujue zilipigwa lini. Aprili 2024 wanasayansi walitangaza tukio la nne la dunia nzima la matumbawe kupauka kwa joto, na picha nyingi zinazovutia wateja ni za kabla ya hapo.

Ukifika, usilipie zaidi ya wiki, na usinunue kifurushi cha mbizi 50 siku ya kwanza hata ukipewa punguzo la kukutoa macho. Zama mara mbili kwanza. Amka mapema siku yenye upepo, nenda kituoni saa moja asubuhi ukiwa umevaa kawaida, ukae pembeni. Ukikuta mitungi imeshajazwa, ubao umeandikwa boti gani imeahirishwa na kwa nini, na mtu anakuuliza utachukua mingapi uende ufuoni, rudi kwa mwenye chumba ulipie mwezi.