Valvu ya moyo inayovuja kwa wazee: yanayosemwa mtaani na ukweli wake

"Bibi ana miaka 82, moyo wake hauguswi tena." Hii ndo inaniudhi kuliko zote, maana Marekani ilipoikubali klipu ya valvu ya mitrali (kibanio kidogo cha kupunguza uvujaji wa valvu iliyo kati ya vyumba viwili vya kushoto vya moyo) mwaka 2013 ilianza na watu walewale ambao kuwapasua kifua ni hatari mno, yaani wengi wao wazee kama bibi. Umri peke yake haumkatai mtu, kinachoangaliwa sana ni valvu yenyewe ikoje na mwili una nguvu gani.

"Si upasuaji uleule tu?" Hapana. Kifua hakifunguliwi na moyo hausimamishwi. Mrija unapita kwenye mshipa wa kinenani mpaka upande wa kulia wa moyo, unatobolewa ukuta mwembamba kati ya vyumba vya juu, ukishaingia kushoto klipu inabana zile ngozi mbili za valvu katikati. Ila mara nyingi mgonjwa analazwa usingizi kabisa, kipimo cha ultrasaundi kinashushwa kooni muda wote, kwa hiyo wanaosema anapiga stori na daktari huku akiwekewa wanaongeza chumvi.

"Akitoka hapo valvu ni mpya, dawa basi." Valvu ni ileile jamani! Klipu imeiga mshono wa daktari Alfieri wa Italia, aliyekuwa anazishona zile ngozi mbili pamoja katikati, na mara nyingi kauvujaji kidogo kanabaki na daktari anaridhika kabisa, familia ndo wanashangaa. Dawa za moyo zinaendelea.

"Kila valvu inayovuja inawekewa." Hapa tuelewane. Mwaka 2018 zilitoka tafiti mbili za wagonjwa ambao moyo wenyewe umechoka na kutanuka: ya Ufaransa haikuona tofauti kati ya wenye klipu na waliobaki na dawa tu, ya Marekani na Kanada yenye watu 614 ikaona baada ya miaka miwili wamefariki kama 29 kwa 100 wenye klipu, dhidi ya 46 waliobaki na dawa tu. Wataalamu wengi wanasema siri ni kuchagua mgonjwa, uvujaji uwe mkubwa kweli na moyo usiwe umetanuka kupita kiasi. Na kwetu huku valvu nyingi zimeharibiwa na ule ugonjwa unaoanzia koo utotoni (homa ya rumatiki), zimekakamaa na njia imekuwa nyembamba, ukibana tena damu itapitaje?

"Ana chuma moyoni, asipigwe MRI (kile kipimo cha picha cha sumaku)." Anapigwa kwa masharti, aende na kadi ya klipu aliyopewa hospitali.